Kukitafuta Kilimia London

Tangu nirudi haingii mtu dukani kwangu kupunguza suruali bila kuniuliza London kukoje. Nikianza kueleza, anatokea wa pili, inanibidi nirudi mwanzo, na kazi za watu zinalala. Juzi nimeutia mkono wa kulia wa kanzu ya mtu upande wa kushoto, yote kwa sababu ya kusimulia. Basi nimeandika. Anayetaka kujua akae hapo kwenye benchi asome, akimaliza ampe mwenziwe, na mimi aniache na cherehani yangu. Habari za viza na tiketi siziandiki. Zilinichosha mara moja, inatosha.

Wengi mnataka habari za maghorofa na treni za chini ya ardhi. Zimo, lakini kidogo. Mimi nilikwenda kwa ajili ya nyota.

Dada yangu Zuwena, ambaye wakubwa kati yenu mnamkumbuka, aliolewa akaondoka hapa Wete mimi nikiwa bado navaa kaptura ya skuli. Amezeekea London, kule Tottenham, na mumewe amezikwa kule. Mwaka jana alinipigia simu akaniambia macho yake yanakwenda. Ni ile presha ya macho. Hapati maumivu, ila duara la kuonea linazidi kufinyika, na pembeni mwa duara hamna kitu. Daktari amemwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hawezi kumwahidi.

"Nataka nikione Kilimia kabla dirisha halijafungwa," alisema. "Na nataka uwepo weye, kwa sababu weye ndiye mbishi."

Ubishi wenyewe ni huu. Baba yetu alikuwa mlimaji wa mpunga, na kalenda yake ilikuwa mbinguni. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, alikuwa akisema, na alivyosema ndivyo alivyolima. Siku za kaskazi, tukishasali Isha, alituambia tusigeuke, tubaki vile vile tumeelekea kibla, tuinue nyuso tukihesabu nyota za kile kishada cha Kilimia. Kila mtoto alimnong'oneza hesabu yake sikioni. Aliyeona vizuri alipewa kazi ya kuchagua mbegu, akae kivulini na ungo wake. Aliyeona vibaya alipelekwa kuamia ndege wasile mpunga, juani. Mimi nilihesabu sita. Zuwena alihesabu saba. Nimeamia ndege utoto wangu wote.

Sasa mnanijua. Nimeshapita sitini na bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Hiyo nyota ya saba sijapata kuiona, na sijaacha kusema kwamba dada yangu aliizua ili akae kivulini. Tumebishana kwa barua na kwa simu, na hata siku alipokuja kumzika mama. Kila alipokuja ilikuwa Julai, na Julai jioni Kilimia hakipo, kwa hiyo hakuna aliyemshinda mwenziwe.

"Kwani huko hakionekani?" nilimuuliza.

"Hakiji huku," alisema. "Miaka ya mwanzo nilikuwa natoka roshani, natazama vile vile baba alivyotufunza. Hakuna kitu. Nikasema basi, kimebaki kwetu."

Lakini hospitali, akisubiri kutiwa matone, mgonjwa mwenziwe alimwambia kuna nyumba ya zamani ya kutazamia nyota, juu ya kilima ng'ambo ya mto, na Ijumaa jioni za miezi ya baridi hufunguliwa kwa watu wote. Mna darubini ndefu kuliko gari, alisema, na hakuna kinachoweza kuikimbia. Dada akaona kama Kilimia hakiji Ulaya, basi darubini hiyo itakifuata huko kilikobaki. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na hoja bora, nikakubali.

Wete hadi Addis Ababa

Nilichukua mchele wa Pemba, vanila kidogo, na halua, bakuli zima, kwa sababu Zuwena alisema halua ya London inauzwa lakini hailiki. Ndege ndogo hadi Unguja, nyingine hadi Dar, na usingizi hadi Addis Ababa, ambako tulikuta ukungu umekaa juu ya uwanja na hakuna ndege inayotoka.

Kwenye ukaguzi wa mizigo kijana mmoja alilifungua bakuli akalitazama lile donge jeusi linalong'aa. Akalibonyeza. Akaninusisha, kana kwamba mimi ndiye sijui ni kitu gani. Nikamwambia chakula, kwa Kiingereza changu ambacho ni cha vipimo vya nguo. Akanionyesha kwa ishara nile mbele yake. Nikala. Akaona sikufa, akakata kipande akala yeye, akafumba macho, kisha akamwita mwenziwe. Mwenziwe akaja na bibi mmoja mwenye nyota begani. Wakaniruhusu kupita kwa heshima zote, na bakuli limebaki nusu.

Ukungu ulikaa siku nzima. Nililala kwenye kiti, nikaamka, nikalala tena, na kila nikiamka watu waliokaa mbele yangu walikuwa wengine, lakini kikombe cha kahawa juu ya meza kilikuwa kile kile. Mpaka leo sina hakika nilikunywa kahawa ile au niliiota. Nakumbuka tu nilijiambia kwamba nimetoka kwetu kwenda kutazama nyota na hata jua silioni.

Tottenham

Aliyenipokea uwanjani ni Nasra, mtoto wa pekee wa dada, mwanamke mzima anayefanya kazi ofisi ya nyumba za halmashauri. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimuuliza jambo anakujibu Kiingereza, isipokuwa kwenye salamu na chakula. Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili, mjue tu kwamba mengi hayakutoka hivyo.

Wanakaa ghorofa ya nne kwenye majumba ya halmashauri. Chini kuna maduka ya Waghana na Wakongo, mihogo imepangwa nje kwenye baridi, na kanisa lililo juu ya duka la mataili huimba mpaka vioo vinatetemeka. Stesheni yao inaitwa Seven Sisters. Niliuona ubao wake, nikaupita kama ninavyopita mbao zote nisizojua habari zake.

Zuwena alinipokea mlangoni. Hakunikumbatia kwanza. Aliushika uso wangu kwa mikono miwili akawa anausogeza, huku na huku, akinitazama vipande vipande. Jicho moja. La pili. Pua. Ndevu. Alipomaliza kuniunganisha alisema, "Umekuwa baba," kisha akalia, nami nikalia, na Nasra akaingia jikoni akawasha birika ambalo tayari lilikuwa linachemka.

Jioni ile, bado kichwa changu kiko angani, nilitandika mswala sebuleni nikamuuliza Nasra kaskazini ni wapi, akanionyesha, nikasimama. Kwetu sisi Makka iko kaskazini moja kwa moja, hilo mnalijua, na mwili wangu hauna kibla kingine. Nikasikia sauti ya dada kutoka kwenye kochi.

"Mbaraka, unamsalia nani huko? Hiyo ni televisheni."

Hakuwa akiniona vizuri, alijua kwa sauti yangu ilikoelekea. Kibla cha London kiko upande mwingine kabisa, kusini kuelekea mashariki, kwenye pembe ya ukuta ambako yeye amesalia miaka yote. Nikageuka. Ningekuwa mtu wa kujifunza ningejifunza jambo hapo hapo.

Ijumaa ya kwanza mbingu ilikuwa imefunikwa kama sufuria, na ujumbe ukaja kwenye simu ya Nasra kwamba hawatafungua. Dada alikuwa ameshavaa. Alikaa na koti lake kitini mpaka chai ikapoa, kisha akalivua akalitundika. Wiki yote iliyofuata ilinyesha, mvua ya kule ambayo haina kishindo, inakaa tu hewani. Nilimshonea mapazia mapya, nikampunguzia Nasra sketi tatu, nikatembea sokoni nikijifanya najua bei. Kila asubuhi dada aliniuliza mbingu ikoje. Kila asubuhi nilimwambia inakunjuka. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya Jumapili baada ya Ijumaa ya pili, na sote wawili tulijua kwamba baridi ijayo si ya kuiahidi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa ile upepo uliingia. Asubuhi nilifungua pazia nikaona buluu.

Chini ya ardhi, na mama wa Bukavu

Jua la Januari kule linazama wakati sisi ndiyo kwanza tunatoka kulala mchana. Tulitoka nyumbani kukiwa kiza tayari, dada kati yetu, Nasra kabeba chupa ya chai ya tangawizi na mkebe wa katlesi. Treni ya chini ya ardhi ilitumeza Seven Sisters ikatutema katikati ya mji, tukabadilisha nyingine, na katika yote hayo sikuona mji hata kidogo. Niliona nyuso. Watu wamekaa wameelekeana, kila mmoja na ndoto yake, na hakuna anayemtazama mwenziwe. Dada alikuwa amefumba macho. Aliniambia humo chini huyapumzisha, maana wote ni sawa na yeye, hakuna aonaye mbali.

Kwenye stesheni kubwa karibu na mto treni yetu ilifutwa. Ubao ukabadilika, watu wakatimka, na sisi tukatimka nao, mpaka tukajikuta jukwaa lisilo letu na dada anahema. Nasra alikuwa anabishana na simu yake. Nilisema kwa sauti, bila kumlenga mtu, kwamba tutafika wameshafunga.

"Papa, munaenda wapi?" akauliza mwanamke mmoja aliyevaa koti juu ya sare ya kutunzia wazee.

Alikuwa mtu wa Bukavu, kule Kongo, akirudi kwake Woolwich kutoka kazini. Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamtazama dada.

"Mama iko anataka kuona nyota? Na hii baridi?"

"Nyota moja tu," nikamwambia. "Kishada kimoja."

"Bon. Mimi ninapita kule kila siku, sijaonaka hata moja. Mukuje, hii yenye kukuja ni yetu."

Alimshika dada mkono wa pili bila kuombwa. Ndani ya treni alitoa mfuko wa mandazi, yeye anayaita beignet, sisi tukatoa katlesi, tukala tumesongamana. Alimuuliza dada kama hospitali wamemuombea. Dada akasema hospitali wanatia matone. "Basi mimi nitaomba," akasema yule mama, akafumba macho pale pale na andazi mkononi, akamuombea kwa jina la Yesu, kwa sauti, mbele ya Waingereza wote. Mimi nilitazama viatu vyangu. Dada aliitikia amina. Baadaye nilipomtania alisema dua ya mwenye kazi ya kuogesha wazee haikataliwi.

Tulishuka, yeye akaendelea na safari. Alitupungia kupitia kioo, nasi hata jina lake hatukuliuliza.

Kilimani

Njia ya kupanda ilikuwa katikati ya miti mitupu. Dada alikuwa akinitegemea mkono, na kila hatua aliipapasa kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikanyaga. Tulipofika juu tuligeuka. Mji wote ulikuwa chini yetu, taa mpaka mwisho wa macho, na mto mweusi umepita katikati. Nilimsimulia. Akasema, "Mimi naona moja moja, lakini naona nyingi nikigeuza shingo." Tukakaa hapo kidogo akigeuza shingo.

Nyumba yenyewe ni ya matofali, na juu yake kuna kuba. Mzee mmoja wa kujitolea alitupokea, anaitwa Peter, kofia ya sufu na glavu zilizokatwa vidole. Ndani mna baridi kuliko nje, kwa sababu paa huachwa wazi ili joto lisitetemeshe picha, na hakuna taa ila nyekundu hafifu. Watu wananong'ona kama wako msikitini. Darubini imelala angani juu ya nguzo yake, ndefu, kongwe, shaba imeng'aa pale ilipokamatwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Peter alivuta kamba, na kuba zima likaanza kuzunguka juu ya vichwa vyetu likinguruma polepole. Nilishika ukuta. Nilidhani ni sisi tunaozunguka.

Jioni ile walikuwa wakionyesha Mshitarii, ile sayari kubwa, na miezi yake. Zamu ya dada ilipofika alikaa kwenye kiti, akainama, akatia jicho. Kisha akacheka.

"Punje ya mchele," alisema, "na chembe zake nne pembeni. Mbaraka, bomba hili limefanana na macho yangu. Duara dogo, pembeni kiza. Humu naona sawasawa na watu."

Mpaka hapo nilikuwa nimekuja kumridhisha mtu mzima. Kuanzia hapo nilijua anaweza kukiona kweli.

Wageni wengine walipoteremka, Nasra alimwomba Peter atuonyeshe Kilimia. Peter hakulijua jina hilo, na Nasra hakulijua jina la Kiingereza. Basi Peter akaniomba mimi nimwonyeshe kilipo. Tukatoka kwenye kijiroshani cha nje, nikamuuliza kaskazini ni wapi, akanionyesha upande wa mto. Nikasimama wima nimeelekea mto, nikainua uso kama baba alivyotufunza. Kulikuwa na nyota huko, chache, zimekaa kwa kupinda. Sikukiona kishada. Lakini mnajua fundi akishachukua kipimo hakubali kwamba kamba ilipinda. "Hapo hapo," nikasema. "Kipo hapo, ni taa za mji zinakificha."

Peter akafurahi. Akazungusha kuba lote hadi kaskazini, akapandisha darubini, akapapasa mahali nilipoonyesha akapata mafungu mawili ya nyota. Kazi hiyo ilichukua muda. Dada akakaa, akatazama.

"Nyota nzuri," alisema. "Kilimia sicho."

Peter akajaribu pengine. Sicho. Akajaribu tena juu zaidi, nami namwongoza kwa kidole, na kila nilivyokosea ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika. Nasra alirudi kutoka nje akasema magharibi kunapanda wingu. Peter akatazama, akamweleza kwa upole kwamba likifika italazimu kufunga paa, maana mvua haitakiwi juu ya mashine ile. Dada alikuwa amekaa tu kitini, mikono imelala mapajani. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu kwa kila jambo jingine huwa ananilaumu.

"Mbaraka," alisema. "Baba alisema tutazame wapi?"

"Kaskazini."

"Hakusema kaskazini. Baba hakuwa na dira. Alisema tusigeuke baada ya sala."

Nikakishusha kidole changu.

"Nasra," dada akasema, "kibla kiko wapi hapa?"

Nasra akatoa simu. Anayo ile mishale inayozunguka, nadhani wote wa kule wanayo. Tukatoka watatu kwenye roshani, akamshika mama yake mabega akamgeuza, tukaupa mto mgongo. Nikasimama pembeni mwa dada, bega kwa bega, kama uwanjani kwetu. Nikainua uso. Juu ya miti, mahali ambapo sikuwa nimetazama hata mara moja, kulikuwa na alama ndogo yenye ukungu, kama kidole kilichogusa kioo.

Hakuna mtu aliyenihitaji kuonyesha tena. Peter alifuata macho yangu.

"Aa," alisema. "The Seven Sisters." Yaani Dada Saba.

Nasra akapiga kelele akacheka. Dada akauliza, "Stesheni yetu?" Nasra akamweleza kwamba stesheni ilipewa jina la miti iliyopandwa pale zamani, haihusiani na nyota. Dada hakutaka habari za miti.

"Saba," aliniambia. "Umesikia? Hata Wazungu wamehesabu saba."

Peter, wakati anakimbia kurudi ndani, alitueleza kwa maneno machache. Sisi tunakaa chini ya njia ya Kilimia, kinapita kaskazini yetu. Wao wako juu mno, kinapita kusini yao. Sahani ni ile ile, mimi nimehamia upande wa pili wa meza na bado naitafuta mbele ya kiti changu cha zamani. Dada yangu naye, miaka ile ya mwanzo, alikuwa anatoka roshani akielekea Pemba ya kichwani mwake.

"Kilikuwa nyuma ya mgongo wangu," alisema pole pole. "Jioni zote za baridi nimesali nimekielekea, ukuta tu ulikuwa kati yetu."

Kuba likanguruma tena. Peter akasema kishada kile ni kipana, hakitaingia chote katika bomba kubwa, lakini kuna bomba dogo limefungwa ubavuni, la kulengea, hilo litakichukua kizima. Wingu lilikuwa limeshafika kwenye upenyo wa paa. Alisema, bila kututazama, kwamba nafasi huenda ikawa ya mtu mmoja.

Hatukuulizana. Nilimkalisha dada, Peter akamsogezea kichwa taratibu, na mimi nikabaki nimemwekea mkono begani.

"Kipo," alisema.

Midomo yake ilikuwa inakwenda, na kidole chake kikigonga goti, vile vile alivyokuwa akichagua mbegu kwenye ungo, hii, hii, hii. Machozi yalimtoka kwenye jicho lile jingine na hakuyafuta.

"Hakijazeeka hata kidogo," alisema.

Mimi nilikuwa nalia, nasema kweli. Lakini mbishi ni mbishi. "Ngapi?" nikamuuliza.

"Subiri."

Nikasubiri. Mguu wangu mmoja ulikuwa umekufa ganzi kwa baridi.

"Kimeondoka," akasema, akajivuta nyuma.

Nikainama haraka nikatia jicho. Kijivu kitupu. Tone la kwanza likanidondokea shingoni, na Peter akawa tayari anavuta kamba kufunga paa, akiniomba radhi kwa Kiingereza ambacho safari hii nilikielewa chote.

Kurudi

Tuliteremka kilima mvuani, dada akitembea upesi kuliko alivyopanda. Kwenye treni nilikaa mbele yake, kama wanavyokaa, lakini nilimtazama.

"Zilikuwa nyingi," alisema. "Za nyuma hazihesabiki, kama chuya kwenye ungo wa mchele."

"Basi si saba."

"Za kuona kwa macho ni saba. Hiyo yako imejibana kwa mwenziwe, upande wa mkia. Huioni kwa sababu unatazama kwa pupa."

"Nilitazama kwa pupa kwa sababu nilikuwa na njaa. Wewe ulikaa kivulini."

Alicheka mpaka mtu mmoja akainua uso kutoka kwenye simu yake. Seven Sisters tulishuka. Nasra alimsimamisha mama yake chini ya ubao wa stesheni akampiga picha, na anayo mpaka sasa, mwanamke wa Wete kalowa, ananyooshea jina lile kidole.

Jumapili, mlangoni, aliushika tena uso wangu. Safari hii alichukua muda mrefu zaidi kuniunganisha. Nilisimama nikatulia, kama mtu anayepimwa nguo.

Nimerudi msimu wa kaskazi bado unaendelea. Juzi usiku, baada ya Isha, alinipigia simu. Nasra alikuwa ameniambia mapema kwamba duara limefinyika tena, sasa hata sindano haioni.

"Uko nje?" akauliza.

"Niko uani."

"Umeelekea kibla?"

"Nimeelekea."

"Hesabu."

Nikainua uso. Kilikuwa mbele yangu, juu, mahali pake. Nikahesabu kwa sauti, taratibu, bila pupa, nikatazama upande wa mkia mpaka macho yakaniwasha. Nilitamani kumwambia saba. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika ulimini, na nilijua litamfurahisha. Lakini mtu aliyeona kweli hupewi ruhusa ya kumdanganya.

"Sita," nikasema. "Sita tu, dada."

Nilisikia mvua yao kwenye dirisha lake.

"Usijali," akasema. "Ya saba ninayo mimi."